Mlo wa kinyonga ughaibuni na somo kwa mfuga nyenje wa mpakani

Kinyonga akionekana kwenye ua wa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, watoto huitwa ndani. Wapo wanaoamini kuwa ni mkosi, wapo wanaosema ana sumu, na wazee wa makabila kadhaa ya Kibantu husimulia kwamba ndiye aliyetumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima. Akachelewa njiani kwa mwendo wake wa kusitasita, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kweli ni kwamba hana sumu hata kidogo, lakini simulizi hiyo imemwandama mpaka leo.

Ng'ambo, huko Marekani na Ulaya, mnyama huyohuyo anaishi sebuleni. Amewekewa tundu la wavu, mimea mibichi, taa maalumu ya kumpa mwanga kama wa jua, na kifaa cha kumnyunyizia maji asubuhi na jioni. Mwenye nyumba hununua nyenje kwa boksi ili mgeni wake asilale njaa. Kumzunguka kinyonga huyo kumekua biashara nzima ya kufuga wadudu: wapo wanaozalisha mayai, wanaokuza, wanaofungasha na wanaosafirisha.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Holili, Busia au Mutukula, habari hii ina pande mbili. Upande mmoja una elimu ya ufugaji wa wadudu ambayo mtu anaweza kuitumia nyumbani akapata riziki ya halali. Upande wa pili una mtego. Mara kwa mara hutokea mtu mwenye pesa mkononi anayetaka kukusanyiwa vinyonga au wadudu kutoka porini, na anayeingia katika dili hiyo bila kujua sheria anaweza kuishia kizimbani.

Mwenyeji wa Mlima Kenya na Meru

Kati ya vinyonga wanaopendwa sana na wafugaji wa nje, mmoja ni wa kwetu kabisa: kinyonga wa pembe tatu. Makazi yake ya asili ni miteremko ya Mlima Kenya, Nyandarua na maeneo mengine ya baridi ya Kenya ya kati, na aina yake ndogo inapatikana Mlima Meru, Tanzania. Wanasayansi walimpa jina la Frederick Jackson, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Hata lugha yetu imeingia katika majina hayo ya kitaalamu: mwaka 2006 kundi zima la vinyonga wa milima ya ukanda huu lilipewa jina Kinyongia, lililotokana na neno la Kiswahili.

Safari ya kinyonga wa pembe tatu kwenda Marekani ina kisa chake. Mwaka 1972 shehena ya vinyonga kutoka Kenya iliingizwa Hawaii na mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu. Walifika wakiwa wamedhoofika, wakaachiwa bustanini ili wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakatawanyika, wakazaana. Leo wako katika visiwa kadhaa vya Hawaii, ambako wanakula wadudu na konokono wadogo wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Boksi moja la wanyama hai, likifunguliwa mahali pasipo pake, lilibadilisha mazingira ya visiwa vizima.

Kinyonga huyu hutofautiana na wengine wengi kwa kuwa hazai kwa mayai. Jike huzaa watoto hai, na kwa mkupuo mmoja wanaweza kufika 20 au zaidi. Kila mtoto anahitaji kula tangu siku zake za mwanzo, na hapo ndipo hesabu ya wadudu inapoanza.

Mdudu gani, wa ukubwa gani

Kinyonga huwinda kwa macho. Jicho moja linaweza kutazama mbele na lingine nyuma, kisha yote mawili yakamlenga mdudu kabla ya ulimi kuchomoka. Ndiyo maana mdudu aliyekufa au aliyekaushwa mara nyingi hamvutii. Anataka kinachotembea.

Kanuni ya kwanza ya wafugaji ni ukubwa. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Watoto hupewa nzi wadogo wa matunda wa aina isiyoruka, na nyenje waliototolewa karibuni ambao ni wadogo kama sisimizi. Kinyonga mzima hupewa nyenje watano hadi saba, kila baada ya siku moja. Kumjaza kila siku ni kumnenepesha bure, na kinyonga mnene haishi sana.

Kanuni ya pili ni kubadilisha mlo. Nyenje ndiye chakula cha kila siku, kama ugali. Mboga za pembeni ni nyingi. Viwavi wa hariri, wanaolishwa majani ya mforosadi, ni laini na hawana mafuta mengi. Funza wa nzi askari mweusi, ambaye wafugaji wa ukanda huu wamezoea kumwita BSF, ana madini ya chokaa kwa wingi kuliko wadudu wengi wanaofugwa, na akigeuka nzi, kinyonga humkimbilia zaidi kwa sababu anaruka. Funza wa unga, wale wanaokua ndani ya pumba, wana mafuta mengi na ngozi ngumu, kwa hiyo hutolewa mara mojamoja.

Wapo pia wasiofaa kabisa. Kimulimuli ana sumu inayoweza kumuua mjusi kwa mdudu mmoja tu. Viwavi waliookotwa kwenye majani ya nyanya au tumbaku hubeba sumu ya mimea hiyo tumboni. Mende wa jikoni huenda amepita kwenye dawa ya kupuliza kabla ya kukamatwa. Na mdudu yeyote wa shambani ana swali hilohilo. Nzige walipovamia Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania mwaka 2020, serikali zilipuliza dawa, na nzige aliyekufa kwa dawa hakufaa kuwa chakula cha kuku wala cha binadamu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kufuga badala ya kuokota: aliyefuga anajua mdudu wake amekula nini.

Chokaa ndiyo roho ya kazi

Vinyonga wengi wanaokufa mikononi mwa wafugaji wapya hawafi kwa njaa. Wanakufa wakiwa wameshiba. Mwili wa nyenje una fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalisi, yaani chokaa ya mifupa. Kinyonga akila nyenje peke yake kwa miezi, mwili wake huanza kuchota kalisi kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda, taya hulegea, ulimi hushindwa kuchomoka. Mwisho wake hushindwa hata kushika tawi.

Tiba ya jambo hilo ni rahisi na ya bei nafuu. Kabla ya kulishwa, nyenje huwekwa kwenye mfuko au kopo lenye unga kidogo wa kalisi, wakatikiswa mpaka wapate vumbi jeupe. Mara chache kwa mwezi huongezwa vitamini. Lakini unga pekee hautoshi, kwa sababu mwili unahitaji vitamini D kuitumia kalisi hiyo, na vitamini D hutengenezwa kwa mionzi ya jua. Kinyonga aliyewekwa nyuma ya kioo cha dirisha hapati mionzi hiyo, hata jua likiwa kali namna gani, maana kioo huizuia. Ndiyo maana taa maalumu hununuliwa.

Jambo la pili ni tumbo la mdudu mwenyewe. Nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Saa 24 hadi 48 kabla ya kuliwa, hulishwa vizuri: sukuma wiki, karoti, kiazi kitamu, kipande cha papai. Mchicha, pamoja na sifa zake zote kwa binadamu, haufai kuwa mlo mkuu hapa, kwa sababu una asidi inayoifunga kalisi isitumike mwilini.

Somo hilo linamhusu hata mfugaji wa kuku. Anachokula mdudu ndicho anachokula mnyama atakayemmeza, na mwishowe ndicho kinachofika mezani.

Kufuga nyenje hatua kwa hatua

Nyenje hawahitaji shamba. Chumba kimoja chenye joto, beseni au makreti makubwa ya plastiki, na trei za mayai zinatosha kuanzia. Mfuniko hukatwa dirisha na kuzibwa kwa wavu wa chuma. Wavu wa plastiki hautoshi, kwani nyenje huutafuna. Trei za mayai husimamishwa wima ndani ya kreti ili wadudu wapate nafasi ya kujificha na kinyesi kidondoke chini.

Joto zuri ni nyuzi 28 hadi 32. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na hali ya hewa. Limuru au Arusha mwezi Juni na Julai, bila kuongeza joto nyenje hudumaa na mayai huchelewa kuanguliwa. Anayetumia jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anahatarisha maisha yake mwenyewe, achilia mbali ya wadudu. Balbu ya umeme ni salama zaidi.

Chakula ni mash ya vifaranga, pumba na mboga za majani zisizopuliziwa dawa. Maji hayawekwi wazi, kwa sababu watoto wa nyenje huzama hata kwenye tone. Huwekwa pamba au sponji iliyoloweshwa, ikibadilishwa kabla haijanuka. Chakula, maji na nafasi vikipungua, nyenje hawana aibu. Wanakulana, hasa yule anayejivua gamba akiwa bado mweupe na laini.

Dume hujulikana kwa kuimba. Jike hujulikana kwa mrija mrefu unaotokeza nyuma kama sindano, ambao anautumia kuchoma udongo na kutaga. Majike wakishakomaa, huwekewa sahani yenye mchanga au pamba yenye unyevu kwa siku moja au mbili, kisha sahani huhamishiwa kwenye kreti lingine. Katika joto la nyuzi 30 mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 14. Jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yake. Kuanzia kuanguliwa hadi utu uzima ni wiki sita hadi nane.

Siri ya biashara ni kupanga vizazi. Mwenye kreti moja ana mavuno mara moja kila baada ya miezi miwili, kisha mteja anahamia kwingine. Mwenye kreti sita au nane, kila moja ikitangulia nyingine kwa wiki moja, ana nyenje wa kila ukubwa kila wiki.

Adui wakubwa ni sisimizi, mijusi, buibui na panya. Miguu ya meza huwekwa ndani ya makopo yenye maji au mafuta machafu, na sisimizi hawapandi. Kazi ndogo kama hiyo imeokoa makreti mengi.

Ugonjwa uliofunga mashamba

Mwaka 2002 mashamba ya nyenje ya Ulaya yalianza kupoteza mifugo kwa kirusi kinachomshambulia nyenje wa nyumbani, aina iliyokuwa ikifugwa kuliko zote. Kilipoingia mashamba ya Amerika Kaskazini mwaka 2009 na 2010, kilienea kwa kasi. Nyenje walilala chali, wakapooza, wakafa kwa makreti. Kirusi hicho hakiwadhuru binadamu wala vinyonga, lakini mashamba kadhaa yalifungwa kabisa. Waliobaki wengi walilazimika kubadilisha aina ya nyenje.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani kisa hiki kina uzito wake. Mdudu hai anayevuka mpaka huvuka na vimelea vyake. Mfugaji anayenunua mbegu kutoka kwa mtu asiyemfahamu, akaichanganya na makreti yake siku hiyohiyo, ameweka mtaji wake wote kwenye kete moja. Mbegu mpya hutengwa katika chumba kingine, huangaliwa kizazi kizima, na vyombo vyake havichangiwi. Na asiwategemee nyenje wa aina moja tu.

Aina za kigeni nazo zina hatari yake. Mende fulani wa Amerika Kusini hupendwa sana na wafugaji wa Marekani kwa sababu haimbi, hanuki sana na hapandi kuta laini. Lakini hata jimbo la Florida limemzuia kufugwa bila kibali, kwa hofu kwamba katika joto la huko atatoroka na kuzaana. Joto la Mombasa, Tanga au Kampala halina tofauti kubwa. Nyenje tunao, BSF tunaye, na mforosadi unakua. Hakuna haja ya kuagiza tatizo.

Mzigo hai una sheria yake

Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi iliwatoza faini ya Sh1 milioni za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, vijana wawili raia wa Ubelgiji. Walikuwa wamekamatwa katika Kaunti ya Nakuru na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, waliofungashwa kwenye vichupa vyenye pamba. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliokuwa na kesi yao tofauti, walipewa adhabu kama hiyo. Wateja wa sisimizi hao ni watu wa ng'ambo wanaowafuga kwenye vyombo vya kioo.

Wengi walishangaa kusikia sisimizi wamempeleka mtu mahakamani. Lakini kwa sheria, mdudu wa porini ni mali ya nchi kama alivyo tembo, na kumtoa bila kibali ni magendo.

Kwa kinyonga sheria ni nzito zaidi. Karibu vinyonga wote wa Afrika wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Kenya, Tanzania na Uganda zote zimeuridhia. Kinyonga anayevuka mpaka bila kibali cha CITES ni magendo, awe mmoja au mia. Tanzania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016 ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Wapo wanaodhani soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki limeondoa vizuizi hivyo. Halijaviondoa. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, kwa bidhaa za ukanda huu zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, humpunguzia mfanyabiashara ushuru na makaratasi ya forodha. Haumwondolei vibali vya afya ya mimea na wanyama, wala vya wanyamapori. Kabla ya kuvusha wadudu hai, hata kama wamefugwa nyumbani, milango ya kugonga ni KEPHIS na KWS kwa Kenya, TPHPA na TAWA kwa Tanzania, na kwa Uganda wizara ya kilimo na UWA. Kuuliza kwanza kuna faida nyingine: kreti la nyenje likikwama mpakani saa nane juani, hakuna kitakachobaki cha kuvusha.

Soko liko wapi

Hesabu yenyewe inasema. Kinyonga mmoja mzima anayekula nyenje sita kila baada ya siku moja hutumia nyenje 90 hivi kwa mwezi. Kilo moja ya nyenje wakubwa ni kama nyenje 1,000 hadi 2,000, kutegemea aina. Maana yake chakula cha kinyonga huyo kwa mwezi mzima hakifiki gramu 100. Mteja wa ng'ambo anaweza kulipia gramu hizo vizuri, lakini anazinunua kwa mfugaji wa mji wake, kwa sababu nyenje hai hastahimili safari ndefu, joto wala unyevu wa kufungiwa.

Banda la kuku 200, kwa upande mwingine, linakula kila siku, na liko mtaa wa pili. Viwanda vya vyakula vya mifugo vya ukanda huu hutegemea sana dagaa na soya kwa protini, na dagaa huyo anagombaniwa na sufuria za watu. Ndiyo maana taasisi ya icipe jijini Nairobi na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo zimewekeza miaka katika utafiti wa nyenje na BSF kama chakula cha mifugo na cha binadamu. BSF humaliza funza wake kwa wiki mbili hadi tatu, hulishwa mabaki ya sokoni, na anachoacha ni mbolea. Kwa mzigo wa kuvusha mpaka, mdudu aliyekaushwa na kusagwa hafi njiani.

Watu wa Kagera na Masaka hawahitaji kuambiwa kwamba mdudu ni bidhaa. Senene wamejenga nyumba na kulipa ada za shule. Tofauti ni kwamba senene huja kwa msimu na kwa hiari yake, lakini nyenje wa kwenye kreti huja kwa ratiba ya mwenye kreti.

Kinyonga mwenyewe aachwe kwenye ua wake. Anakula nzi na panzi bila malipo, hana sumu, na hana haja ya unga wa kalisi wala taa, maana jua la kwetu linamtosha. Atakayekuja na bahasha akitaka akusanyiwe kumi, aulizwe jambo moja kabla ya bei: kibali kiko wapi? Akianza kusitasita kama kinyonga mwenyewe, mfanyabiashara ameshapata jibu.